Usiivute, subiri iogelee

Mtoto wa kaka yangu aliniletea spika yake ya bluetooth ikiwa imeviringishwa kwenye fulana. "Shangazi, haiingizi chaji. Jana ilinuka, leo kimya." Nilipoifungua sikuhitaji hata multimita. Chipu ya kuchaji, kimraba cha milimita 4 kwa 4, ilikuwa na kishimo katikati kana kwamba imetobolewa kwa sindano, na kuzunguka kishimo kile doa la kahawia.

"Inapona?"

"Chipu imekufa. Spika inapona."

Bahati nzuri nilikuwa na bodi nyingine iliyokufa kwa maradhi mengine, na juu yake chipu yenye namba ileile. Kwa hiyo kazi ikawa ni kung'oa chipu mbili, moja ya kutupa na moja ya kuokoa. Naandika jinsi ilivyokwenda kwa sababu kila nikitaja mashine ya hewa moto, ile ya kupulizia lehemu mpaka iyeyuke, kuna mtu huniuliza swali moja: "Unaiweka digrii ngapi?" Swali hilo ndilo lililoniunguzia bodi yangu ya kwanza, basi nianzie huko.

Mimi nimekulia kwenye redio za vipuri vya miguu mirefu, vile vinavyopenya tundu la bodi na kulehemiwa upande wa pili. Kipuri kikifa unapasha mguu, unavuta, unapasha wa pili, unavuta. Mkono wangu ukazoea kuvuta. Vilipoenea hivi vipuri vya kubandikwa juu ya bodi, vidogo kama chembe za mchanga, nilivikwepa kwa miaka, nikisema vifaa vya siku hizi ni vya kutupa, havitengenezeki. Uvivu tu uliojivika busara. Ukweli ni kwamba chuma changu cha kulehemu hakikuviweza: chipu ina miguu minane, unapasha wa nane huku wa kwanza umeshaganda zamani.

Siku niliyopata mashine ya hewa moto niliitoa kwenye boksi, nikasoma kwamba inafika digrii 480, nikajiambia hakuna chipu itakayobisha mbele ya moto huo. Nikaweka 450, nikafungulia hewa hadi mwisho, nikaelekeza mdomo.

Rezista tatu zikapeperuka kabla sijakaa vizuri. Soketi ya plastiki iliyokuwa jirani ikalainika, ikainama upande kama mtu anayesinzia. Kapasita ya mkebe, ile yenye majimaji ndani, ikavimba kichwa, halafu ikalipuka kwa kishindo kilichonirusha kitini. Na ile chipu niliyoifuata? Palepale. Nikaikamata kwa kibano, nikavuta kama nilivyozoea. Ikatoka, na padi mbili, yaani vile vibao vidogo vya shaba vya bodi ambavyo miguu hulehemiwa juu yake, zikatoka nayo, zimening'inia chini yake kama kigaga kilichobanduliwa kabla kidonda hakijapona.

Nilikuja kuelewa baadaye kilichotokea. Miguu sita ilikuwa imeshalegea. Miwili ilikuwa imeunganishwa na lile shuka la shaba linalotandazwa ndani ya bodi kwa ajili ya hasi, na shuka hilo lilikuwa likinyonya joto haraka kuliko nilivyoleta. Lehemu ya pale ilikuwa bado ngumu. Lakini gamu inayoshika padi kwenye bodi hudhoofika ikipata joto. Nilipovuta, kilichoachia ni kile kilichokuwa dhaifu zaidi, nacho hakikuwa lehemu.

Sasa kuhusu digrii. Namba inayowaka kwenye kioo cha mashine ni joto la hewa ndani ya mpini, karibu na waya unaowaka. Bodi haiijui namba hiyo. Siku moja nilibandika ncha ya waya wa kupimia joto pembeni ya chipu kwenye bodi mfu, nikaweka mashine 350, mdomo sentimita 2 juu. Nusu dakika ikapita, multimita ikasoma 160 na kidogo. Nikashusha mdomo hadi sentimita 1, ikapanda ikapita 220. Nikapunguza hewa, ikaanza kuteremka. Muda wote huo kioo cha mashine kinasema 350, 350, 350, kama kasuku. Kwa hiyo mtu akiniuliza digrii ngapi, namuuliza mdomo gani, umbali gani, hewa kiasi gani, na bodi yenyewe ina shaba kiasi gani. Hapo wengi hukasirika.

Namba zenye maana ziko upande wa bodi. Lehemu ya zamani, ya bati 63 na risasi 37 katika kila mia, huyeyuka kwenye 183. Tarehe 1 Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia risasi kwenye vifaa vingi vya elektroniki, viwanda vikahama, na lehemu utakayoikuta kwenye bodi nyingi leo ni bati lenye fedha asilimia 3 na shaba nusu asilimia. Hiyo huanza kulainika kwenye 217. Upande wa pili, chipu nyingi hutengenezwa zivumilie 260 hivi, tena kwa muda mfupi. Basi uwanja wako ni huo, kati ya 217 na 260. Chini yake unang'oa padi, juu yake unaua chipu. Mashine ya digrii 480 haikuongezei uwanja, inakuvusha tu haraka zaidi.

Turudi kwenye spika. Kitu cha kwanza nilichotoa ni betri. Hili silifanyii mzaha: betri ya lithiamu na hewa moto havikai meza moja. Nilikata waya wake, mmoja mmoja ili koleo lisiziunganishe chanya na hasi, nikaipeleka chumba kingine kabisa. Kisha nikatoa bodi kwenye kasha, maana plastiki haijui kwamba hewa ile haikukusudiwa iwe yake.

Chipu yenyewe ilikuwa ya aina isiyo na miguu. Ina vipande kumi na sita vya chuma ukingoni, vinavyoonekana kama meno ukiichungulia kwa ubavu, na tumboni ina padi moja pana iliyolehemiwa kwenye shaba ya bodi ili iisaidie kutoa joto lake inapofanya kazi. Fikiria hiyo kidogo. Mtengenezaji ameiweka padi ya tumbo kusudi iondoe joto, na wewe unakuja kuleta joto. Chini yake kuna vitundu vinavyolipeleka joto hadi upande wa pili wa bodi. Ndiyo maana chipu hizi huwachosha watu: ukingo unang'aa, meno yote yameyeyuka, unadhani tayari, kumbe tumbo bado limeshika.

Dawa yake ni kupasha bodi nzima kwanza, polepole, kutoka chini. Nina sahani ndogo ya joto, naiweka 120, naiacha bodi pale dakika tatu au nne. Kabla sijawa na sahani nilikuwa nikitumia mashine yenyewe kutoka mbali, sentimita 7 au 8, nikizungusha juu ya bodi yote dakika mbili nzima bila kuilenga chipu. Inachosha mkono lakini inafaa. Bodi ikishakuwa na 120 mwilini, unabakisha safari fupi. Na haikunjiki wala kutoa malengelenge, kwa sababu hakuna sehemu iliyo baridi sana ikivutana na sehemu iliyo moto sana.

Kabla ya kuiweka kwenye sahani nilifunika majirani. Utepe wa rangi ya asali, ule wa Kapton, nikauzungusha pande tatu, na juu ya soketi ya chaji nikaweka karatasi ya alumini iliyokunjwa mara mbili. Utepe pekee hauzuii joto sana, hilo watu hawaambiwi. Kazi yake kubwa ni kushikilia vidogo visipeperuke. Joto hurudishwa na alumini. Upande wa nne sikuufunika, nilihitaji pa kuingizia kibano, na hapo palikuwa na kapasita nne za kauri zimejipanga kama askari. Nikajiambia nitakuwa mwangalifu. Mtaona.

Halafu fulaksi. Kama ningeruhusiwa kitu kimoja tu juu ya mashine yenyewe, ningechagua fulaksi nzuri ya jeli. Lehemu iliyozeeka ina ngozi ya kutu juu yake, na ngozi ile huizuia isitiririke hata ikiwa imeyeyuka ndani. Fulaksi huila ngozi ile. Pia hupeleka joto kwenye mianya ambayo hewa haifiki. Nikapaka pande zote nne, bila ubahili, kisha kwa chuma cha kulehemu nikapitisha lehemu ya risasi kwenye meno, nikayaachia vinundu vinene. Lehemu mbili zikichanganyika, kiwango cha kuyeyuka hushuka, nami hupata nafasi ya kupumua. Kwa tumbo haisaidii, chuma hakifiki huko. Lakini meno yakilegea mapema nabaki na adui mmoja badala ya kumi na saba.

Dirisha wazi, feni ndogo ikivuta moshi upande. Moshi wa fulaksi yenye utomvu wa msonobari si uvumba, huleta pumu kwa wanaouvuta kila siku, na mimi kifua changu nakihitaji.

Mdomo wa milimita 8, mashine 360, hewa chini ya nusu. Nikaanza kuzungusha. Nazungusha pembeni, juu ya ukingo wa chipu, mzunguko mmoja kwa sekunde mbili hivi, sitoi macho. Mtoto wa kaka yangu amesimama nyuma yangu, ameshika pumzi kama anayetolewa jino.

Sekunde ya kumi fulaksi inakuwa maji na kutambaa chini ya chipu. Ya ishirini inaanza kutoa vipovu vidogo pembeni. Ya thelathini vinundu vya lehemu, vilivyokuwa vya kijivu kama majivu, vinang'aa ghafla, kimoja, kingine, halafu upande mzima, kama mtu amepitisha ulimi. Huu ndio wakati mbaya kuliko wote, kwa sababu kila kitu machoni kinakuambia vuta. Mkono wangu wa redio ulitaka kuvuta, hadi leo unataka.

Badala yake naigusa. Ncha ya kibano kwenye pembe ya chipu, naisukuma upande kidogo sana, unene wa unywele. Kama haisogei, naacha, naendelea kuzungusha. Nikaigusa sekunde ya arubaini: jiwe. Ya hamsini: imesogea, lakini kwa uzito, kama kitu kilichokwama kwenye tope. Bado tumbo. Nikaongeza mizunguko mitano katikati. Nikaigusa tena, ikateleza upande, na nilipoondoa kibano ikarudi yenyewe mahali pake.

"Umeona?" nikamwambia. "Inaogelea."

Lehemu iliyoyeyuka hukaza uso wake kama tone la maji juu ya jani, na kukaza huko ndiko kunakoivuta chipu irudi katikati ya padi zake. Chipu ikisukumwa na kurudi, hakuna sehemu hata moja iliyoshika, si meno, si tumbo. Hapo sivuti. Nainyanyua, wima, bila nguvu zaidi ya kunyanyua punje. Ikigoma hata kidogo naishusha tena na kuendelea kupasha. Hii haikugoma. Chini yake padi zote zimekaa, zinang'aa, na lile pana la tumboni limebaki na kilima cha lehemu.

Nikarudisha mpini kwenye kishikio chake na kuiacha mashine ipulize mpaka ipoe yenyewe. Ukizima swichi ya nyuma wakati mpini bado una moto, joto hubaki limefungiwa ndani na kuula waya na plastiki ya mpini. Nimeona mtu akifanya hivyo kila siku, kisha akilalamika mashine hizi hazidumu.

Kusafisha sina mengi ya kusema. Utambi wa shaba uliolowa fulaksi, chuma cha kulehemu chenye ncha pana juu yake, lehemu yote ya zamani inanyonywa. Jambo moja tu: usisugue. Utambi ukikauka huku umegandana na padi ukauvuta, umerudi kulekule kwenye kigaga. Unainua chuma na utambi pamoja, wakati vyote bado vya moto. Kisha spiriti na mswaki.

Chipu ya kuokoa ilikuwa kazi ya heshima zaidi. Ile ya kwanza ingeweza kuungua, imeshakufa. Hii ilipaswa kutoka hai, na ilikuwa imekaa kwenye bodi iliyotupwa kwa muda mrefu ikinyonya unyevu wa hewa. Plastiki ya chipu hunyonya maji polepole. Ukiipasha ghafla hadi 240, maji yale hugeuka mvuke, hayana pa kutokea, chipu inapasuka kwa ndani. Wakati mwingine unausikia mlio, ndiyo maana viwandani tatizo hilo huitwa bisi. Mara nyingine husikii chochote, unafunga chipu iliyopasuka, unakaa siku mbili ukitafuta kosa kwingine. Viwandani huzioka chipu kwenye 125 kwa saa nyingi. Mimi niliiacha bodi mfu juu ya sahani, kwenye 100, tangu asubuhi mpaka alasiri, nikafanya mambo yangu.

Kwa hiyo hiyo ya pili niliitoa bila haraka, joto la mashine 340, hewa ya chini kuliko mara ya kwanza, mzunguko mpana. Ilichukua karibu dakika moja na nusu kuanza kuogelea. Nilipoinyanyua nikasikia "ti", sauti ndogo sana mezani, kama punje ya mchanga juu ya kioo. Sikuijali, bodi ile ilikuwa ya kutupwa.

Kumbe haikutoka kwenye bodi ile. Niliporudi kwenye bodi ya spika nikahesabu askari wangu wa kauri: watatu. Wa nne alikuwa ameegemea utepe kwa mguu mmoja tangu nilipoingiza kibano, na upepo wa kazi ya pili, sentimita chache kando yake, ukamalizia. Milimita moja kwa nusu milimita. Tulipiga magoti wote wawili na tochi, tukapapasa sakafu, tukatikisa kitambaa cha meza. Hakuna. Mwisho nikachukua ndugu yake kwenye bodi mfu, mahali palepale, chipu ileile, nikaamini thamani ni ileile kwa sababu bodi zote mbili zilifuata mpango mmoja wa saketi.

Kubandika ni kutoa kukigeuzwa. Lehemu kidogo kwenye padi, na tumboni kuzidisha ni kosa: ikizidi, chipu inapanda juu ya kilima na meno yanabaki hewani. Fulaksi, alama ya nukta ikitazama nukta, joto la chini, hewa kutoka juu. Unaiona inashuka, inajipinda kidogo, halafu inajiweka sawa bila kuguswa. Ukishaiona hivyo mara moja utajikuta unaitoa tena ili uione tena. Niliacha bodi ipoe juu ya sahani iliyozimwa. Kuipuliza kwa mdomo ili ipoe haraka ni njia nzuri ya kuzipasua kapasita za kauri.

Nikapima jino kwa jino, hakuna yaliyogusana. Sikurudisha betri moja kwa moja. Nilitumia pawa saplai ya mezani badala yake, nikabana mkondo kwenye miliampia 200, kama kuna kosa lisilete moshi mwingine. Hakuna moshi. Nikaunganisha betri, nikachomeka chaja. Taa nyekundu.

Mtoto wa kaka yangu alishangilia mpaka nikamkanya. Siku ya pili alikuja kuichukua, akaitandaza fulana yake mezani aifunge, akasita, akaisogeza karibu na macho. Kwenye ukosi kulikuwa na kitu cha kahawia kinachong'aa ncha mbili.

"Shangazi, huyu ni mdudu?"

Nikamwambia aniletee kibano.